Subaru ya zamani inataka uzima kwanza, presha ya turbo baadaye

Leo tunauweka mpira pembeni kidogo. Ligi haitakimbia, na ubishi wa penalti mtauendeleza kesho kwenye daladala kama kawaida. Kuna mchezo mwingine ambao mashabiki wengi wa soka wanao nyumbani kwao, umeegeshwa chini ya mwembe au nje ya geti, na haupati nafasi kwenye kurasa hizi mpaka Safari Rally ifike. Tunazungumzia magari ya turbo ya zamani: Subaru Impreza WRX na STI, Forester na Legacy za turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, na Toyota Celica GT-Four moja moja iliyobaki.

Siku ya mechi kubwa nenda kasimame nje ya uwanja. Utayasikia kabla hujayaona. Bomba la moshi pana kama kikombe cha chai, mlio wa "pshiii" kila gia inapobadilishwa, na kijana mwenye jezi nyuma ya usukani. Tunawapenda hawa jamaa. Ndiyo maana tunataka kuwaambia jambo ambalo mafundi wao wengi hawawaambii, kwa sababu fundi anayesema "gari lako linataka matengenezo kwanza" anakosa hela ya leo.

Jambo lenyewe ni hili: gari la turbo lenye umri wa miaka 20 au 25 haliongezwi nguvu kwa kuanza na presha ya turbo. Lirudishiwe kwanza nguvu zake za kiwandani, ambazo mara nyingi limeshazipoteza kimyakimya. Halafu breki, halafu upoozaji. Presha inakuja mwisho, na kwa wengi haitakuwa na haja ya kuja kabisa.

Anayebisha tumpe namba. Kwa miaka mingi kampuni za magari za Japan zilikuwa na makubaliano yao ya ndani, kwamba hakuna atakayetangaza gari la barabarani lenye zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, WRX STI na Evo za soko la Japan ziligonga kikomo hicho kwenye karatasi. Farasi 280 kutoka kwenye injini ya lita mbili tu! Hakuna dereva wa kawaida mjini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ambaye anazitumia zote hizo hata robo ya siku.

Sasa lichukue gari hilo hilo leo, baada ya wenye nalo wanne, oili za bei rahisi na foleni za miaka 20. Limebaki na farasi wangapi? Hosi za mpira zimekauka na kupasuka. Intakula imejaa mafuta ndani. Plagi hazijulikani zilibadilishwa lini. Mwenye gari anaona tu kwamba "limekuwa zito," analipeleka gereji, na anauziwa kivalvu cha kupandisha presha ya turbo. Ni sawa na kumchoma sindano ya ganzi mshambuliaji mwenye goti bovu halafu ukamwachia acheze dakika 120. Atakimbia, hilo hatukatai. Swali ni lini utambeba kwa machela.

Tueleze kidogo, maana wapo wasomaji wetu wanaoijua turbo kwa mlio tu. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya upande wa pili, ambayo inavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa nyingi ikichanganywa na petroli ya kutosha inatoa nguvu nyingi. Basi. Ila shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, imeegemea utando mwembamba wa oili, na moshi unaoisukuma unaweza kufika nyuzi joto 900. Ukisikia fundi anasema oili yoyote inafaa, chukua funguo zako uondoke.

Kwenye nchi zetu hii mashine ilikuja na kazi yake maalumu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Arusha kama 1,400. Huko juu hewa ni nyepesi, Nairobi imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Injini ya kawaida inapumua kwa shida. Ya turbo inaifidia hewa hiyo, lakini inafidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kijana aliyepandisha presha akiwa Mbagala, akaona gari limetulia, akapanda nalo Arusha kwenda kuangalia mechi, anaipeleka turbo yake kwenye kazi ngumu kuliko ile aliyoijaribia. Wengi wanaorudi na gari juu ya lori wanasema "turbo ilikuwa mbovu."

Historia ya Safari Rally inatuunga mkono. Mashindano hayo yalianza 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati huo. Kwa miaka mingi yalichukuliwa na magari yasiyo na turbo kabisa. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982 kwa Datsun, baada ya ushindi wake wa kwanza wa 1973. Turbo ya kwanza kushinda ilikuwa ya Toyota Celica, mwaka 1984, mikononi mwa Björn Waldegård. Mwaka 1985 Juha Kankkunen akairudia na Celica, 1986 Waldegård tena.

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Huo ulikuwa wakati wa magari ya Kundi B, mazimwi ya Audi, Peugeot na Lancia, yenye teknolojia iliyokuwa inatisha dunia nzima. Celica ile ilikuwa ya magurudumu mawili ya nyuma, nzito, ya kizamani kwa hesabu za Ulaya, ambako ilikuwa inapigwa kila siku. Lakini Toyota walikuja Afrika wakijua kwamba mashindano ya maelfu ya kilometa za vumbi, mawe na matope yanachukuliwa na gari linalofika. Waliifanya iwe ngumu, wakaihudumia vizuri, na zile zenye nguvu nyingi zikabaki porini zikichemsha. Mara tatu mfululizo!

Baada ya hapo turbo haikutoka tena kwenye jukwaa. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda na Celica. Tommi Mäkinen akashinda 1996 na 2001 kwa Mitsubishi Lancer, Colin McRae 1997 na Richard Burns 2000 kwa Subaru Impreza. Zile Impreza za buluu ndizo zilizotuharibia vijana. Huko Kenya yupo dereva wa rally anaitwa McRae Kimathi, jina alilopewa kwa ajili ya huyo huyo Colin McRae. Tunawajua watoto wengi wa Kitanzania walioitwa majina ya wachezaji mpira, lakini hiyo ya kumpa mwanao jina la dereva ni mapenzi ya ngazi nyingine.

Sasa twende kwenye hela, kwa sababu suala hili si la vijana wa mtaani peke yao.

Gari jipya la daraja la Rally2, lile ambalo mtu binafsi anaweza kulinunua akashindana kwenye mbio za kimataifa, linagharimu zaidi ya euro 200,000 kabla hujanunua tairi la akiba. Ni matajiri wachache wanaoweza. Madereva wengi wa mbio zetu za taifa, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa miaka mingi wameishi kwa Impreza na Evo za zamani. Hizo ndizo timu zetu za mchangani: bila hizo hakuna orodha ya kuanza, bila orodha hakuna mbio, na bila mbio hakuna kijana wa kesho wa kupanda Rally2.

Na hazitengenezwi tena. Evo ya mwisho ilitoka 2016. Injini ya Subaru ya EJ20, ile ya mlio wa "bub-bub-bub" ambayo kila shabiki anaitambua, iliagwa rasmi Japan 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, maana yake mlango wa Evo pale umeshafungwa. Kwetu gari la zamani linaingia, ila kodi yake inaongezwa kwa sababu ya umri wake. Kwa maneno mengine, dirisha la usajili limefungwa. Kila injini inayonoki kwa ajili ya kutafuta sifa barabarani ni mchezaji mmoja ametoka kikosini na hakuna wa kumbadilisha.

Ndiyo tunasema tuanze na uzima. Kitu cha kwanza ambacho fundi mwenye akili atafanya ni kupima kompresheni ya kila silinda. Kipimo chenyewe si cha ajabu, gereji nyingi za Ilala na Gerezani wanacho. Silinda nne zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, acha kabisa habari za turbo, hapo una kazi ya pistoni, ringi au valvu.

Cha pili ni kutafuta hewa inayovuja. Fundi anaziba mdomo wa turbo, anajaza hewa kidogo kwa kompresa na kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote mpaka kwenye injini, kama anayetafuta pancha ya baiskeli. Panapotoa mapovu ndipo farasi wako walipotorokea. Gari la miaka 20 ambalo halijawahi kupimwa hivi likikosa hata sehemu moja inayovuja, mpigie makofi aliyekuuzia. Hosi na klipu mpya zinaweza kukurudishia nguvu nyingi kuliko kivalvu chochote, na hakuna kitakachokufa.

Mkanda wa taimingi hatutauongelea sana kwa sababu haujadiliwi. EJ20 na 4G63 ya Evo za mpaka namba tisa zote zinatumia mkanda, na ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Umri wake ni kama kilometa 100,000, lakini gari la mtumba nani anajua kilometa zake za kweli? Badilisha, pamoja na pampu ya maji na rola zake. Mwenye Evo azingatie pia ule mkanda mdogo wa shafti za kutuliza mtikisiko. Ukikatika unaweza kuingia kwenye mkanda mkubwa na kuuvuta, na hapo umemaliza injini nzima kwa kitu ambacho hukujua kama kipo.

Upoozaji ni ugonjwa wetu wa taifa. Kuna tabia ya kung'oa themostati gari linapoanza kuchemsha, na mwenye gari anashukuru kwa sababu mshale wa joto umeshuka. Injini haikutibiwa. Imefanywa tu ichelewe kupata joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na ndani vyuma vinasagika. Wengine wanajaza maji ya bomba mwaka mzima, kutu inaziba rejeta, halafu lawama zinakwenda kwa Subaru kwamba "ndivyo zilivyo." Rejeta safi, kofia yake nzima, feni zinazowaka kwa wakati, themostati ya kweli na maji ya rejeta yenye dawa: hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya mtu anayetaka kwenda mbio. Haina mlio, tunajua.

Oili pia. Subaru hizi zinakula oili, na mwenye gari anatakiwa avute kile kijiti cha kupimia kila wiki bila kusubiri taa iwake. Baadhi yake zina kichujio kidogo sana kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakauka inakufa, na chembe zake za chuma zinaishia kwenye injini. Na ukitoka kuliendesha kwa nguvu usizime hapo hapo. Liache lingurume dakika moja, turbo ipoe, oili isiungulie ndani yake. Dakika moja tu, huku unatafuta simu yako ilipodondokea.

Breki sasa. Hili tungependa lisomwe na wazazi pia. Ukitoka kilometa 100 kwa saa kwenda 140, mwendo umeongezeka kwa asilimia 40 tu, lakini mzigo ambao breki zinatakiwa kuumeza ili gari lisimame unakaribia kuwa mara mbili. Hiyo ni fizikia ya darasani, haina Simba wala Yanga. Halafu unakuta gari limewekewa ekzosi ya mamilioni, na pedi za breki ni zile za bei ya chini kabisa dukani, mafuta ya breki yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Mafuta hayo yananyonya unyevu kutoka hewani. Kadiri miaka inavyopita yanachemka kwenye joto dogo zaidi, na yakichemka pedali inazama mpaka chini. Kila miaka miwili yabadilishwe. Tairi nazo zina tarehe: tafuta namba nne ubavuni, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wapo watu wana farasi 300 juu ya tairi lililozaliwa kabla ya mdogo wao aliye darasa la tano. Bushi na shokapu zilizochoka ni habari hiyo hiyo.

Mtu aliyemaliza yote haya, na wengi wataishia hapa kwa sababu gari limeshakuwa jipya mkononi mwao, ndiye tunayeweza kuzungumza naye kuhusu kuongeza.

Akumbuke kwanza petroli. Evo na STI za soko la Japan zilipangwa kutumia petroli yao ya daraja la juu, yenye okteni kama 100. Ya kwetu kwenye vituo vya kawaida iko chini ya hapo. Kwa hiyo gari lako linafika likiwa tayari karibu na ukingo; kompyuta ikisikia injini inagonga ndani, inarudisha nyuma cheche za plagi ili kuilinda, na nguvu inapungua. Sasa wewe unaongeza presha kwa kivalvu bila kuigusa kompyuta. Hewa imezidi, petroli haikuongezwa inavyotakiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na injini inagonga kweli kweli. Pistoni inaweza kuvunjika kabla hujafika taa zinazofuata. Fundi aliyekufungia atakwambia ulikanyaga sana.

Hata ekzosi pana peke yake ina mtego. Kwenye baadhi ya Subaru, moshi ukipata njia nyepesi, ule mlango mdogo unaopunguza moshi usiende wote kwenye turbo unazidiwa, na presha inapanda yenyewe bila mtu kuigusa. Jamaa anadhani amebadilisha bomba la moshi, kumbe amebadilisha injini.

Njia ya watu wazima ipo. Pampu ya petroli yenye uwezo, nozeli zilizosafishwa na kupimwa, intakula nzima, geji ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, na kompyuta ipangwe upya na mtu anayeijua, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu au sehemu iliyofungwa, kwa petroli ile ile utakayoitumia kila siku. Mpangaji mzuri utamjua kwa kitu kimoja: anapunguza. Anaona injini inaanza kugonga, anarudi nyuma, anakwambia gari lako liishie hapa. Mlipe huyo bila kuomba punguzo.

Na ule mlio wa "pshiii"? Tutawaudhi wengi, lakini Impreza za miaka hiyo na Evo zinapima hewa inapoingia, pale mwanzoni. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa ya ziada kwenye njia yake. Ukifunga ile ya kuitoa nje, kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo na imeshaitolea petroli, wakati hewa yenyewe imeshakwenda kuwafurahisha watu wa kituo cha basi. Gari linatoa moshi mweusi kidogo, plagi zinachafuka, na wakati mwingine linazima kwenye taa. Haikupi hata nusu farasi.

Kuna anayesema sisi waandishi wa michezo tunaogopa nguvu. Hapana. Mchezo wenyewe ndio uliojifunza kuiwekea mipaka. Machi 1986 kwenye Rally ya Ureno gari liliingia kwenye watu na watazamaji watatu wakafa. Mei mwaka huo huo, Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa ndani ya Lancia Delta S4. Kundi B likafutwa kuanzia msimu wa 1987. Waliokufa Ureno hawakuwa madereva. Walikuwa watu kama wewe, waliokwenda kutazama.

Baadaye FIA ilikuja na kitu rahisi: pete ya chuma inayowekwa mbele ya turbo, tundu lake likiwa na kipimo maalumu, hewa yote ipite hapo. Haijalishi una turbo ya ukubwa gani, haitavuta zaidi ya tundu hilo. Kwa magari makubwa ya mashindano ya dunia mwaka 1995 kipimo kilikuwa milimeta 34. Toyota, hao hao mashujaa wetu wa Safari, walikamatwa Catalunya mwaka huo wakiwa na Celica zilizofungwa kifaa cha ujanja: kikiwa kimefungwa kinaiachia hewa ipite pembeni ya pete, mkaguzi akikifungua kinajirudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, alikiri hajawahi kuona udanganyifu wa kiufundi wa hali ya juu kiasi hicho. Pointi zote za msimu zilifutwa, timu ikafungiwa miezi 12. Fikiria klabu kubwa inyang'anywe pointi za ligi nzima kwa milimeta kadhaa za hewa. Ubingwa wa mwaka huo ukaenda kwa McRae na Subaru.

Magari ya Kundi N, yaani Impreza na Evo zilizokaribiana na za barabarani, yalibanwa kwa pete ya milimeta 32. Wajenzi walipoona nguvu za juu zimezibwa, wakaitafuta nguvu ya kati, ile inayolitoa gari kwenye kona ya matope. Yalikuwa matamu kuyatazama, yakadumu, na mengine bado yanakimbia.

Tunataka pete hiyo irudi kazini hapa kwetu. Chama cha magari cha Tanzania, AAT, ndicho chenye dhamana ya mbio za magari nchini mbele ya FIA. Tunakiomba kiwe na daraja la wazi la turbo za zamani kwenye mbio za taifa: pete ya kipimo kimoja iliyopigwa lakiri, ada ndogo ya kuingia, na ukaguzi unaoanza na breki, tairi, mikanda na kizimba cha usalama kabla mtu hajafungua boneti. Wenzetu wa shirikisho la Kenya, KMSF, na wa Uganda, FMU, wakikubaliana kipimo hicho hicho, dereva wa Arusha ataweza kushindana Nakuru au Mbarara bila kujenga gari upya.

Na kwa wale wasiotaka rally, wanaotaka tu kujua lao linafika wapi, iwepo Jumapili moja kwa mwezi, sehemu iliyofungwa, yenye gari la wagonjwa na gari la zimamoto, polisi wakiwepo kusimamia badala ya kukimbizana na vijana usiku. Leo hakuna mahali pa kuwaelekeza. Tunawaambia wasikimbizane barabarani, wanauliza wakakimbizane wapi, tunabaki tunaangaliana. Barabara ya usiku ina bodaboda wasio na taa na mama anayevuka na ndoo ya samaki. Hao hawajanunua tiketi ya mchezo huu.

Gharama za kuanzia si za kutisha. Pete yenyewe fundi wa mashine anaichonga kwa siku moja. Viwanja vya ndege vidogo visivyo na shughuli nyingi vipo, na wenye magari wako tayari kuchangia. Hawa ni watu wanaonunua lita za petroli kwa ajili ya mlio. Kinachotakiwa ni AAT kuwaita wenye magari, mafundi na polisi wa usalama barabarani kwenye meza moja kabla kalenda ya msimu ujao haijapangwa. Ukurasa huu utachapisha tarehe ya kikao hicho siku itakapotangazwa, na tutauliza kila mwezi mpaka itangazwe.